Kulala na mashine ya pumzi: nyumba nzima inajifunza

Katika nyumba zetu, toka Mangobo hadi Kabondo, toka Makiso hadi ng'ambo ya mto kule Lubunga, mtu anayekoroma anachekwa. Watoto wanamwiga asubuhi. Majirani wanasema ana jenereta kifuani. Lakini uko mkoromo mmoja usio wa kuchekesha: ule unaokatika. Mtu anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Ukiangalia, kifua na tumbo vinasukuma, ila hewa haipiti. Sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi ya 30. Halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyevutwa kutoka majini, anavuta pumzi, anageuka, anaanza tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Anakumbuka tu kwamba amelala saa nane na bado amechoka.

Kwa Kifaransa wanganga wanaita ugonjwa huu apne ya usingizi. Tukilala, nyama za koo na ulimi zinalegea. Kwa watu wengine zinalegea mpaka njia ya hewa inafungwa. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unaogopa, unamwamsha mtu nusu nusu ili avute pumzi. Kwa mtu aliyeshikwa sana jambo hili linarudi zaidi ya mara 30 kwa saa moja, usiku kucha. Moyo haupumziki. Ndiyo maana tansyo inapanda na dawa zinashindwa kuishusha, kichwa kinauma kila asubuhi, na mtu anasinzia kanisani, sokoni, au mbaya zaidi, kwenye usukani wa lori au juu ya pikipiki yenye abiria.

Tulikaa na mama mmoja wa chama chetu anayeuza vitenge upande wa soko kuu. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa hiyo tutamwita Mama Vitenge. Ana miaka 50 na kitu. Sasa ni mwezi wa saba analala na mashine.

“Kwetu walisema ninakabwa usiku,” anasema. “Mama mkwe alisema kuna mtu wa ukoo anayenikalia kifuani. Tuliomba, tulifunga. Mimi sikatai maombi, mpaka leo naomba. Lakini munganga aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliniuliza: Mama, ni nani anayelala karibu nawe, na anasikia nini?”

Binti yake wa mwisho ndiye aliyejibu. Alikuwa amechukua sauti ya mama yake kwa simu, usiku, dakika tano nzima. Munganga alisikiliza, akapima shingo yake kwa mita ya fundi cherehani, akapima tansyo, akamwandikia barua ya kwenda kupimwa usingizi Kinshasa. Walihesabu: pumzi ilikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni kidogo, 15 hadi 29 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali.

Tuseme hapa jambo moja linalotuhusu sana sisi wanawake. Watu wengi, hata baadhi ya wauguzi, wanafikiri huu ni ugonjwa wa wanaume wanene wenye shingo kubwa. Ni kweli wanaume ni wengi zaidi. Lakini mwanamke akisha kukata hedhi, hatari yake inapanda sana, na kwake mara nyingi ugonjwa haupigi kelele kubwa. Anasema amechoka, hapati usingizi, kichwa kinauma, moyo una huzuni. Anapewa vitamini au anaambiwa ni mawazo. Na ni nani atamsikia akikoroma, kama ni mjane, au mume anasafirisha mizigo kwenye baliniere wiki tatu? Kwa mama mjamzito aliyeanza kukoroma sana, aseme jambo hilo pale CPN, hasa kama tansyo inapanda.

Sasa mashine. Kwa Kifaransa inaitwa PPC. Kwenye kadiboksi zinazotoka ng'ambo utasoma CPAP. Ni kitu kimoja. Ilibuniwa na munganga wa Australia, Colin Sullivan, mjini Sydney, mwaka 1980. Kabla ya hapo mtu aliyezidiwa alitobolewa koo ili apate kupumua usiku. Sullivan alitumia injini ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akapitisha hewa kwenye tiyo mpaka puani. Mgonjwa wake wa kwanza alilala usingizi mzito ambao alikuwa hajaupata kwa miaka. Za leo ni ndogo kama redio na hazipigi kelele, lakini kazi ni ile ile: kupuliza hewa ya kawaida ili koo lisijifunge.

Tunarudia: hewa ya kawaida, ya chumba chako mwenyewe. Si oksijeni. Jambo hili liliwatoa machozi watoto wa Mama Vitenge usiku wa kwanza. Kwetu mtu akiwekwa maski na tiyo, maana yake ndugu waitwe. Mtoto wa dada yake alikimbia kwa jirani akisema bibi anakufa. “Ilibidi niwaite wote asubuhi,” anasema, “kila mmoja nikamwekea maski usoni asikie upepo. Mdogo alicheka, akaomba tena.” Sisi tunaona alifanya vizuri sana. Nyumba ikishaelewa, mgonjwa hafichi mashine chini ya kitanda.

Ukitaka kujua nguvu ya upepo huo, chukua glasi ndefu na mrija wa kunywea soda. Ingiza mrija ndani ya maji sentimita 10, pulizia mpaka mapovu yatoke. Basi, ndiyo nguvu ambayo wagonjwa wengi wanapewa. Mashine zinapimwa hivyo hivyo, kwa sentimita za maji, kuanzia 4 hadi 20. Si nguvu ya kupasua kifua kama wengine wanavyosema sokoni. Lakini kuipokea puani ukiwa umelala, gizani, na kamba kichwani, hilo ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wanashindwa.

“Usiku wa kwanza sikufika saa moja,” Mama Vitenge anasema. “Nilijiona kama niko ndani ya gunia. Nilitoa, nikatupa. Usiku wa pili nikatoa bila kujua; nilikuta maski miguuni.”

Muuguzi aliyemfuata kwa simu alimwambia asianze na usiku. Aanze na mchana. Siku mbili alishika tu maski usoni kwa mkono, bila kamba, akichambua mchele. Halafu akaunganisha tiyo, akawasha, akakaa kitini akisikiliza redio, dakika 15, 20, nusu saa. Kisha akajaribu kulala nayo mchana baada ya kutoka sokoni. Baada ya juma moja ndipo aliirudisha usiku. Mashine nyingi pia zina njia ya kuanza polepole: upepo unaanza mdogo na kupanda wakati mtu anasinzia. Mwombe anayeijua mashine akuwekee. Na usitafute usiku mzima mara moja. Saa nne kila usiku ni mwanzo wa maana, ingawa shabaha ni kila unapolala, hata usingizi wa mchana.

Matatizo mengi yanatoka kwenye maski, si kwenye mashine. Iko ya pua tu, iko inayoingia kidogo kwenye matundu ya pua, iko inayofunika pua na mdomo. Anayelala mdomo wazi atapoteza upepo kupitia mdomo, ataamka ulimi mkavu kama ubao. Huyo anahitaji maski kubwa au mkanda wa kushika kidevu. Mwenye mafua asafishe pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala. Na kuna kosa ambalo karibu kila mtu anafanya: maski ikivujisha hewa, anakaza kamba. Akikaza sana, mpira unajikunja, hewa inavuja zaidi na inapiga machoni, na asubuhi kuna kidonda juu ya pua. Legeza, lala chali, washa upepo, ndipo urekebishe kamba taratibu mpaka sauti ya kuvuja inyamaze.

Vitabu vya mashine havisemi neno juu ya nywele zetu. Mama Vitenge alikuwa na meshi nene zilizofungwa juu. Kamba ilikuwa inateleza usiku kucha. Sasa anasuka misuko midogo inayolala chini, anafunga kitambaa chepesi kwanza, kamba inapita juu ya kitambaa. Wigi linatoka, bila shaka. Na mafuta ya uso: tunajipaka sana kabla ya kulala, lakini mafuta, yawe ya mawese au ya dukani, yanafanya maski iteleze na yanaharibu mpira wake. Uso uoshwe kwa sabuni, ukauke. Atakaye kujipaka ajipake asubuhi.

Chandarua ni swali jingine la kwetu. Mtu asiache chandarua kwa sababu ya mashine. Malaria ya Tshopo haingoji. Mashine ikae nje ya chandarua, juu ya kiti au meza ndogo isiyozidi urefu wa kitanda, na tiyo ipite chini ya ukingo, kisha ukingo ukunjwe vizuri chini ya godoro. Mama Vitenge alishona kitanzi cha kitenge kwenye kichwa cha kitanda, tiyo inapita ndani yake, haimvuti akigeuka. Mashine isikae sakafuni penye vumbi wala isifunikwe na nguo.

Na kwa kuwa inavuta hewa ya chumbani, chochote kilicho chumbani kitafika kooni. Mbabula ya makala isilale ndani. Jenereta isiwekwe chini ya dirisha, wala kwenye korido, hata mvua ikinyesha: moshi wake unaua hata asiye na mashine. Kichujio kidogo cha nyuma kiangaliwe kila juma. Kikiwa cha kijivu, kama ni cha kufuliwa kifuliwe na kukaushwa, kama ni cha kutupa kibadilishwe.

Mashine nyingine zina kisanduku cha maji cha kulainisha hewa. Ulaya wakati wa baridi kinasaidia sana. Hapa Kisangani, ambako shuka yenyewe ina unyevu, wengi wanaweza kulala bila hicho. Anayekihitaji atumie maji yaliyosafishwa yanayouzwa famasi, au angalau yaliyochemshwa na kupoa, yabadilishwe kila siku, na kisanduku kikaushwe. Maji ya mto au ya kisima, hapana. Na usinunue chupa kwa muuza batri ukidhani ni maji safi. Kando yake kuna chupa za asidi zinazofanana.

Tumefika kwenye umeme. Kila msomaji alikuwa anangoja hapa.

Hakuna haja ya kueleza SNEL kwa mtu wa Kisangani. Tuna maporomoko ya Tshopo mlangoni, na bado tunahesabu siku za giza. Umeme ukikatika usiku, mashine inanyamaza na mtu mara nyingi anaamka mwenyewe. Maski zina matundu ya kutolea pumzi, na zile kubwa zina mlango mdogo unaofunguka, kwa hiyo mtu hakosi hewa mara moja. Lakini avue, asiendelee kulala nayo. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuchoma chaja. Kifaa cha kusawazisha umeme ni gharama ndogo kuliko mashine mpya.

Ila suluhisho la kweli ni batri na pano za jua, na hapa hesabu inasaidia. Ukizima joto la kisanduku cha maji na la tiyo, mashine nyingi zinakula kama wati 30 au chini. Kwa saa 8 ni wati-saa 240. Batri ya volti 12 na ampea 100 ina wati-saa 1200, lakini batri ya kawaida ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600: usiku mbili kamili. Ukiacha joto likiwaka, matumizi yanaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo, na batri itaisha usiku wa kwanza. Tena, kabla ya kuunganisha, soma nyuma ya mashine: nyingine ni volti 12, nyingine ni 24. Waya wa moja si wa nyingine. Fundi anayesema “volti ni volti tu” mshukuru, mrudishe kwake.

Usiku usio na umeme wala batri, alale ubavu, si chali. Njia ya zamani inafanya kazi: shona mfuko mgongoni kwenye nguo ya kulalia, tia mpira mdogo. Akigeuka chali unamchoma, anarudi ubavuni. Kichwa na mabega viinuliwe. Na usiku huo kuliko mwingine wowote, asinywe pombe, asiguse lotoko, wala vidonge vya usingizi vya kununua barabarani bila munganga. Vyote hivyo vinalegeza koo zaidi.

Mashine ya Mama Vitenge ilitoka Ubelgiji, kwa mtoto wake. Ndivyo wengi wanavyozipata, kwa sababu mpya huko inagharimu mamia ya euro. Kwa zile zilizokwisha tumika, tunaomba mwangalie mambo haya kabla ya kushangilia. Mwezi wa 6 mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kuoza na kutoa vipande na gesi zinazofika kwenye pumzi. Ni zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka 2021, na miongoni mwake ni DreamStation ya kwanza. Mtoto aliye Ulaya atafute namba ya mashine kwenye intaneti kabla ya kulipa mzigo. Halafu maski, tiyo na kichujio viwe vipya. Na nguvu ya upepo ni ya mtu mmoja, kama miwani. Mashine ya marehemu mjomba haiwashwi tu na kuwekwa kwa shangazi. Munganga aipange kwa kufuata kipimo chake yeye.

Tulimuuliza Mama Vitenge juu ya kitanda cha ndoa, maana tulijua wasomaji wangetaka kuuliza. Alicheka sana. Mume wake kwanza alihamia chumba cha watoto, si kwa hasira, kwa aibu tu. Alisema hawezi kulala kando ya mtu wa anga. Baada ya majuma matatu alirudi. Kwa nini? “Kwa sababu kumenyamaza! Miaka 12 mtu huyu hakulala kwa sababu yangu, na hakuwahi kuniambia.” Siku hizi yeye ndiye anayeosha maski asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na kuitundika kivulini ikauke. Mambo mengine ya kitanda, alisema, yanafanyika kabla ya maski, na hilo si la gazeti.

Kilichobadilika? Hakupungua kilo hata moja, na hatutamdanganya mtu: mashine haiponyi, inafanya kazi usiku ule tu ambao umeivaa. Akiiacha, mkoromo unarudi usiku huo huo. Lakini kichwa cha asubuhi kimeacha kuuma. Tansyo imeshuka kiasi kwamba munganga wake amepunguza dawa moja, na ni munganga aliyepunguza, si yeye. Anahesabu pesa ya jioni bila kusinzia. Binti yake anasema ndiyo maana faida ya duka imeonekana kuongezeka.

Kwa watoto habari ni tofauti kidogo. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anatoka jasho na hatulii darasani, mara nyingi shida ni nyama za kooni zilizovimba, na kuzitoa kunaweza kumaliza mambo. Apelekwe kwa munganga wa masikio, pua na koo. Mtoto mwenye SS asingojewe, kwa sababu kushuka kwa oksijeni usiku kunaweza kumletea maumivu yake.

Swali la batri lilifika kwenye likelemba yetu siku ya posho. Mama Vitenge aliomba mkopo wa batri na pano moja. Wengine walisema kasa ni ya biashara na ya mazishi, si ya kulala. Mama mmoja mzee wa Lubunga, ambaye haongei mara nyingi, aliuliza kama ni lazima kungoja mpaka ombi lake liwe la upande wa mazishi. Kura zilipigwa. Mkopo umepita, kurudishwa kwa miezi 8. Wamama watatu wengine walibaki baada ya kikao, wakiwa na mita ya fundi, kupimana shingo: kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 41 ni sababu ya kumwona munganga, hasa kama anakoroma na ana tansyo. Wawili wameshapewa tarehe.